Dibaga inapogoma baada ya kubadilisha kerneli: kusoma dalili kwenye bodi za ARM

Jana GDB, dibaga ya kuwinda hitilafu ndani ya programu, ilikuwa inafanya kazi. Leo umeweka kerneli mpya, yaani kiini cha Linux, kwenye bodi, hujagusa kingine chochote, na kila amri inarudisha kosa. Au hali ni ya upande wa pili: umekabidhiwa bodi yenye kerneli ya 2.6 ambayo mtengenezaji hataigusa tena, na gdbserver uliyoikompaili wiki hii haitaki hata kuwaka. Hali zote mbili watu huzipa jina moja, "dibaga haiendani na kerneli", na jina hilo limewapotezea wengi siku nzima. Mara nyingi kerneli haina kosa lolote. Kilichokosana ni kitu kilicho kati ya kerneli na dibaga.

Kwenye mifumo pachikwa, yaani kompyuta ndogo zilizofungiwa ndani ya mita, rauta, mashine za malipo na vidhibiti vya mitambo, kudibagi kuna pande mbili. Kompyuta ya mezani inaendesha GDB. Bodi inaendesha gdbserver, ambayo huishika programu yako kupitia mwito wa ptrace wa kerneli, kisha hupeleka habari mezani kwa mtandao au kwa waya wa siriali. Chini ya gdbserver ipo maktaba ya C. Matoleo ya kuchunguza basi ni manne: GDB, gdbserver, maktaba ya C na kerneli. Yaandike yote kabla ya kujaribu dawa yoyote:

```
uname -a
gdbserver --version
ls -l /lib/libc.so* /lib/ld-*
```

Na mezani:

```
gdb --version
gdb --configuration
```

Usiiamini sana namba ya `uname`. Kerneli za watengenezaji wa chipu hubandikwa viraka vingi kutoka matoleo ya mbele, kwa hiyo kerneli inayojiita 4.9 inaweza kuwa na tabia za 4.14 sehemu moja na za 4.9 sehemu nyingine. Kama bodi ina `/proc/config.gz`, hiyo ndiyo shahidi wa kweli.

Jambo la pili la kulijua mapema ni nani alimwahidi nani. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, amelisimamia kwa miaka mingi sharti kwamba kerneli mpya isivunje programu ya mtumiaji iliyokuwa ikifanya kazi. Kwa sharti hilo, gdbserver ya zamani juu ya kerneli mpya kwa kawaida huenda. gdbserver mpya juu ya kerneli ya zamani haina ahadi yoyote. Na ukiingia kudibagi kerneli yenyewe, ahadi inatoweka pande zote: majina ya milango ya siriali, mipangilio ya kukompaili, maumbo ya data za ndani, vyote huhama bila taarifa kwa dibaga yako. Kwa hiyo jiulize mapema: nadibagi programu au kerneli? Na katika vile vinne, ni kipi kilichosogea?

## gdbserver haiwaki

Kosa linalowachanganya zaidi wanaoanza ni hili:

```
sh: ./gdbserver: not found
```

Faili lipo, unaliona kwa `ls`, lina ruhusa ya kuendeshwa. Kinachokosekana ni kipakiaji, yaani kile kinachoipakia programu na maktaba zake, ambacho jina lake limeandikwa ndani ya faili hilo. Kitazame ukiwa mezani:

```
readelf -l gdbserver | grep interpreter
```

Ukiona `/lib/ld-linux-armhf.so.3` wakati bodi ina `/lib/ld-linux.so.3` peke yake, umekompaili kwa mtindo wa hesabu za desimali za maunzi ilhali bodi nzima ni ya mtindo laini. Kompaili upya kwa seti ya kompaila iliyoijenga bodi. Kutengeneza kiungo cha jina kutoka faili moja hadi jingine ni njia ya mkato inayokupeleka kwenye kosa baya zaidi.

Ukipata `Illegal instruction` papo hapo, kabla ya herufi hata moja kutoka, chunguza umri wa kerneli. Mpangilio wa EABI kwenye ARM uliingia kwenye kerneli 2.6.16. Kerneli iliyo chini ya hapo, au iliyo juu lakini ilijengwa bila `CONFIG_AEABI`, inatarajia miito ya mfumo kwa mtindo wa zamani, na gdbserver ya leo haiujui mtindo huo. Chanzo kingine cha dalili hiyo hiyo ni kompaila kulenga kichakataji kipya kuliko ulicho nacho, kwa mfano maelekezo ya ARMv7 kwenye chipu ya ARM926. Huyo wa pili hana uhusiano na kerneli.

Kisha lipo hili, ambalo angalau linasema ukweli:

```
FATAL: kernel too old
```

Hapa anayesema ni glibc, maktaba ya C ya kawaida, ya toleo lililo kabla ya 2.36. Inapojengwa huwekewa toleo la chini kabisa la kerneli inalolikubali, na kuanzia glibc 2.26 ya mwaka 2017 kiwango hicho hakiko chini ya 3.2 kwa kichakataji chochote. Wengi hukimbilia kuijenga gdbserver kwa mtindo tuli ili isitegemee maktaba za bodi. Dawa hiyo huponya kosa la `version 'GLIBC_2.34' not found`, lakini haiponyi hili hata kidogo, kwa sababu faili tuli limebeba glibc yake tumboni pamoja na ukaguzi wake. Kwa kerneli kongwe tumia seti ya kompaila iliyokuja na bodi, au ijenge gdbserver juu ya musl, maktaba nyingine ya C, ambayo haina ukaguzi wa namna hiyo.

Ukitumia kompaila kongwe, chagua na GDB ya umri unaolingana nayo. GDB 8.0 ilianza kudai kompaila ya C++11, na GDB 15 ikadai C++17. Ya mwisho kujengeka kwa C tupu bila maswali ni 7.11. Kwa bodi yenye gcc 4.4, chanzo cha 7.11 kimeniokoa mara nyingi kuliko jaribio lolote la kuilazimisha GDB ya kisasa. Kumbuka pia kwamba kuanzia GDB 10 saraka ya gdbserver ilihamia juu ya mti wa chanzo, kutoka `gdb/gdbserver`. Maandiko ya zamani ya kujengea yatalalamika kwamba hayaioni.

## Zimeunganishwa lakini hazielewani

```
Remote 'g' packet reply is too long
```

Maana yake: bodi imetuma rejista nyingi kuliko GDB inavyotarajia. Sababu ya kwanza ni ya kawaida mno: umefungua GDB ya kompyuta yako ya x86 badala ya `gdb-multiarch` au GDB iliyokuja na kompaila ya ARM. Ya pili ni kuanza na `target remote` kabla ya kuipa GDB faili la programu, ikabaki kubahatisha aina ya kichakataji. Toa `file programu_yako` kwanza.

Sababu ya tatu ndiyo inayojitokeza baada ya kubadilisha kerneli. gdbserver haijui yenyewe rejista gani zipo. Inaiuliza kerneli kupitia HWCAP, orodha ya uwezo wa kichakataji, kisha inaiandikia GDB maelezo kwa XML. Kerneli ya zamani isiyo na `CONFIG_VFP` itasema rejista za desimali hazipo, na mpya itasema zipo. Kwenye AArch64, kerneli 4.15 ilileta SVE, na kichakataji chenye uwezo huo kikaanza kuonyesha rejista ambazo jana hazikuonekana. gdbserver ni ile ile, ila maelezo inayotuma yamebadilika. Kama GDB yako ilijengwa bila maktaba ya expat haiwezi kuyasoma maelezo hayo, nayo hukuonya mara moja tu, kwa mstari ambao ni rahisi kuupita:

```
warning: Can not parse XML target description; XML support was disabled at compile time
```

Angalia kwa `gdb --configuration`. Ukiona `--without-expat`, tafuta GDB nyingine. Hakuna mpangilio utakaokusaidia hapo.

Kuna lalamiko jingine ambalo si kosa: tangu GDB 7.10, kuunganisha kumekuwa kwa polepole kwa sababu GDB huzivuta maktaba zote kutoka kwenye bodi. Ielekeze kwenye nakala ya mezani ya maktaba hizo, iitwayo sysroot, kwa `set sysroot`. Nakala hiyo iwe ya picha (mfumo mzima unaopakiwa kwenye bodi) ile ile iliyo kwenye bodi, si ya toleo linalokaribiana nayo. Utaona sababu sasa hivi.

## Nyuzi hazionekani, au programu inasimama kwa SIG32

`info threads` inaonyesha uzi mmoja ilhali unajua programu ina nane. Au inasimama kila wakati kwa `SIG32, Real-time event 32`. Wengi huandika `handle SIG32 nostop noprint pass` na kuendelea. Hiyo inanyamazisha kelele, lakini nyuzi hazirudi.

Mtambuzi wa nyuzi ni maktaba inayoitwa libthread_db. Ukidibagi kwa mbali, gdbserver huipakia ile iliyo ndani ya bodi, `libthread_db.so.1`. Picha nyingi za bodi huiacha nje ili kupunguza ukubwa. Chunguza kwanza kama ipo. Kama ipo, lazima ilingane na libpthread ya bodi, au na libc yenyewe kuanzia glibc 2.34, ambapo libpthread iliunganishwa ndani ya libc.

Halafu libthread_db hutafuta alama iitwayo `nptl_version`. Anayeijibu ni GDB ya mezani, kwa kusoma maktaba zilizo kwenye sysroot yako. Ikiwa maktaba hizo zimekwanguliwa alama zote kwa `strip`, au ni za toleo jingine, jibu halipatikani na nyuzi zinapotea. Kwa libpthread na kipakiaji, tumia `strip --strip-debug` tu. Buildroot, zana ya kujengea picha, hufanya hivyo yenyewe. Maandiko ya mkono ya kutengenezea picha kwa kawaida hayafanyi.

Kuona kinachoendelea:

```
set debug libthread-db 1
monitor set debug 1
```

Hapa kerneli inahusika kwenye bodi kongwe peke yake. Kerneli 2.4 ilitumia mtindo wa nyuzi wa LinuxThreads, na mtindo mpya wa NPTL ukaja na 2.6. Bodi za uClibc, maktaba ndogo ya C, zilibaki na LinuxThreads hata juu ya 2.6, hadi uClibc 0.9.32 ya mwaka 2011. Ukikuta bodi ya namna hiyo, GDB ya zama zake ndiyo dawa.

Neno moja kwa waliochagua gdbserver tuli: nyuzi utaziona kwenye kerneli yoyote ya kisasa, kwa sababu kerneli huitaarifu gdbserver kila uzi unapozaliwa. Lakini vigezo vilivyotangazwa `__thread` vinaweza kukataa kusomeka. Kama hitilafu unayoiwinda imejificha humo, rudi kwenye gdbserver ya kawaida.

## Vituo vinakataa kuwekwa, au vinaiua programu

Programu ikipata `SIGILL` mahali hasa ulipoweka kituo (breakpoint), dibaga imeandika maelekezo yasiyofaa hapo. Kwenye ARM, kituo ni maelekezo batili ambayo kerneli imefundishwa kuyatambua na kuyageuza kuwa SIGTRAP: `0xe7f001f0` kwa msimbo wa ARM, `0xde01` kwa Thumb (maelekezo mafupi ya ARM), `0xf7f0a000` kwa Thumb-2. GDB huchagua kwa kusoma alama ndogo za `$a` na `$t` ndani ya faili. Faili likikwanguliwa alama hizo, GDB hudhani ni ARM na kuandika baiti nne katikati ya msimbo wa Thumb. Hili hutokea sana kwenye kipakiaji `ld.so`, ambako GDB huweka kituo chake cha siri ili kujua maktaba zinapopakiwa. Ndiyo maana programu hufa kabla hata ya kufika `main`. Weka `ld.so` yenye alama kwenye sysroot, au jaribu:

```
set arm fallback-mode thumb
```

Watu huilaumu kerneli mpya kwa kosa hili kwa sababu huja pamoja na picha mpya ya bodi. Kilichobadilika kwenye picha hiyo ni usambazaji mzima kuanza kukompailiwa kwa Thumb-2.

Dalili ya pili ina sura tofauti:

```
Cannot insert breakpoint 1.
Cannot access memory at address 0x104d8
```

Anwani ni sahihi, unaisoma bila shida, lakini kuandika kunagoma. Hapa kweli kerneli inahusika, na kutoka ncha mbili za historia. GDB, kuanzia toleo la 11, hupendelea kuigusa kumbukumbu ya programu kupitia `/proc/PID/mem`, na gdbserver ikafuata baadaye. Njia hiyo ilifunguliwa kuandikika kwenye kerneli 2.6.39 ya mwaka 2011. Chini ya hapo unaweza kusoma tu, hivyo dibaga ya kipindi hicho ikategemea ptrace pekee. Kwenye ncha ya pili, kerneli 6.12 imeleta mpangilio wa kuzuia uandishi wa nguvu kupitia faili hilo hilo, kwa sababu za usalama. Angalia:

```
zcat /proc/config.gz | grep PROC_MEM
```

Ukikuta `CONFIG_PROC_MEM_NO_FORCE=y`, aliyeifunga bodi amefunga na vituo vyako. Kwa bodi ya maabara, ongeza kwenye mstari wa kuwashia:

```
proc_mem.force_override=ptrace
```

Thamani hiyo inamruhusu yule tu aliyeishika programu kwa ptrace, nayo naiona ni mizani nzuri hata kwa bodi zinazokwenda kwa wateja.

`ptrace: Operation not permitted` unapotumia `--attach` ina mtuhumiwa wake: Yama, kinga ya usalama iliyoingia kwenye kerneli 3.4. Soma `/proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope`. Ikiwa 1, unaweza kudibagi mtoto wa mchakato wako tu, hivyo kuianzisha programu kwa gdbserver kunakubali na kujibandika kwa iliyokwisha kuwaka kunakataliwa. Ikiwa 3, hakuna kubadilisha hadi uwashe bodi upya. Na kama programu iko ndani ya Docker juu ya kerneli iliyo chini ya 4.8, ptrace imezuiwa kwa chaguo-msingi. Kabla ya 4.8 ptrace iliweza kutumika kuruka uzio wa seccomp, kwa hiyo usiufungue mlango huo ovyo.

## Kudibagi kerneli yenyewe

Hapa ndipo kubadilisha toleo kunauma kweli, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoteza siku mbili. Tulikuwa tunaihamisha bodi ya kukusanya takwimu kutoka kerneli 5.10 kwenda 6.1. Tulichukua defconfig (faili la mipangilio ya kujengea kerneli) ile ile, tukaendesha `make olddefconfig`, kerneli ikajengeka vizuri na bodi ikawaka. Kisha mezani:

```
(No debugging symbols found in vmlinux)
```

Defconfig ilikuwa na `CONFIG_DEBUG_INFO=y`. Nilifungua faili nikauona mstari huo kwa macho yangu. Nikaituhumu kompaila, nikaituhumu GDB, nikajenga upya mara tatu. Jibu: kuanzia kerneli 5.18, `CONFIG_DEBUG_INFO` si swali la kujibiwa tena. Imegeuzwa kuwa matokeo ya chaguo jingine lenye matawi, na tawi lisipotajwa linachaguliwa `DEBUG_INFO_NONE`. `olddefconfig` inautupa mstari wako wa zamani bila onyo. Linganisha siku zote `.config` iliyozaliwa na defconfig uliyoiandika:

```
grep DEBUG_INFO .config
```

Kinachotakiwa ni mmojawapo wa hii:

```
CONFIG_DEBUG_INFO_DWARF4=y
CONFIG_DEBUG_INFO_DWARF_TOOLCHAIN_DEFAULT=y
```

Nilichagua wa pili, na hapo hapo nikakutana na kosa lililokuwa limejificha nyuma ya la kwanza:

```
Dwarf Error: wrong version in compilation unit header (is 5, should be 2, 3, or 4)
```

GCC 11 ya mwaka 2021 ilifanya DWARF 5 kuwa muundo wake wa kawaida wa taarifa za kudibagi. GDB ya mezani ilikuwa ya familia ya 7, haiujui. Kama unaweza kupandisha GDB, pandisha. GDB mpya inasoma DWARF ya zamani na mpya, na haidhuru kitu. Kama umefungwa na programu ya mtengenezaji iliyokuja na GDB yake, chagua `CONFIG_DEBUG_INFO_DWARF4=y`, na kwa programu za kawaida ongeza `-gdwarf-4`.

Taarifa zikipatikana, hakikisha vmlinux (faili la kerneli lenye alama zake) iliyo mezani ndiyo mama wa kerneli iliyo kwenye bodi. Namba ya toleo haitoshi, kwani kujenga mara mbili kutoka chanzo kimoja chenye tofauti ya mpangilio mmoja kunahamisha anwani zote. Tumia kitambulisho cha ujenzi:

```
readelf -n vmlinux
```

na kwenye bodi:

```
hexdump -C /sys/kernel/notes
```

Baiti za `Build ID` zifanane hadi ya mwisho. Kwa kila picha inayotoka kwenda kwa wateja, hifadhi vmlinux yake na `.config` yake pamoja. Ukiipoteza vmlinux huwezi kuitengeneza tena kwa uhakika miezi sita baadaye.

Vitambulisho vinafanana lakini `bt` inajaa alama za `??` na kila kituo kinaiangusha bodi? Fikiria KASLR. Kwenye arm64 kerneli iliweza kujihamisha kwenda anwani ya kubahatisha tangu 4.6, lakini huhitaji mbegu kutoka kwa butiloda, programu inayoiwasha kerneli. Kwa hiyo bodi inaweza kukaa miaka na mpangilio huo ukiwa umewashwa bila athari, hadi siku butiloda mpya inapoanza kutoa mbegu. Utahisi ni kerneli, kumbe ni butiloda yako, U-Boot. Linganisha:

```
grep ' _text$' /proc/kallsyms
nm vmlinux | grep ' _text$'
```

Zikitofautiana, washa kwa `nokaslr` wakati wa kudibagi.

KGDB, dibaga ya kerneli yenyewe ambayo ipo ndani ya kerneli kuu tangu 2.6.26, ina maradhi yake. Linalojirudia ni jina la mlango wa siriali. Kwenye chipu za OMAP na AM335x, kama ya BeagleBone, draiva ya zamani iliuita `ttyO0`, kwa herufi O. Draiva ya 8250_omap ilipoingia kwenye 3.19, mlango ule ule ukaitwa `ttyS0` kwa kerneli iliyojengwa nayo. Kerneli ina kiraka cha kumsamehe aliyeandika `console=ttyO0`, kwa hiyo ujumbe wa kuwasha unaendelea kutoka na unadhani mambo ni mazuri. Kiraka hicho hakigusi `kgdboc=ttyO0`, kigezo kinachoiambia KGDB mlango wake. Thibitisha:

```
dmesg | grep -i kgdb
echo ttyS0,115200 > /sys/module/kgdboc/parameters/kgdboc
echo g > /proc/sysrq-trigger
```

Kama mstari wa kusajili `kgdboc` haupo hata kwa jina sahihi, draiva ya mlango huo haina uwezo wa kusoma na kuandika bila katizo, na KGDB haiwezi kuutumia. Milango ya siriali ya USB upande wa bodi haifai kwa sababu hiyo. Upande wa mezani, `.gdbinit` za zamani zina `set remotebaud 115200`, ambapo GDB ya leo inataka `set serial baud 115200`. Na kama bodi imewashwa na kufuli la usalama la lockdown, lililokuja na 5.4, fahamu kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2022 kufuli hilo linaibana na KGDB. Usiiondoe lockdown kwenye bodi ya mteja ili upate dibaga. Tengeneza picha ya pili ya maabara.

Amri za `lx-dmesg`, `lx-symbols` na ndugu zake ni maandiko ya Python yanayokaa ndani ya chanzo cha kerneli tangu 4.0. Yanasoma data za ndani moja kwa moja, kwa hiyo yanakufa kila zinapobadilika umbo: 5.10 ilibadilisha hifadhi nzima ya ujumbe wa printk, na 6.4 ikabadilisha namna `struct module` inavyoeleza kumbukumbu yake. Usiyanakili kutoka mti mmoja kwenda mwingine. Jenga `make scripts_gdb` ndani ya mti wa kerneli unayoidibagi, kisha ruhusu saraka hiyo kwa `add-auto-load-safe-path`. Kama GDB itasema haina Python, ni ujenzi wa GDB uliopungukiwa.

## JTAG inapokatika baada ya kerneli kuwaka

OpenOCD, programu ya mezani inayoidibagi chipu moja kwa moja kwa waya wa JTAG, inaiona chipu wakati wa U-Boot, kisha kerneli ikipanda inapotea. Kerneli mpya imejifunza kuokoa umeme: inalaza viini visivyo na kazi na kuzima saa ambazo hakuna draiva iliyoziomba, ikiwemo saa inayoendesha saketi ya kudibagi. Washa kwa hivi viwili, kisha ondoa kimoja kimoja ujue mhusika ni yupi:

```
cpuidle.off=1 clk_ignore_unused
```

Bodi ikijiwasha upya sekunde chache baada ya kila kusimama, hiyo ni saa-mlinzi (watchdog), inayoiwasha bodi upya isipolishwa. Ukisimamisha kichakataji hakuna wa kuilisha, awe umetumia JTAG au KGDB. Kwa gdbserver kerneli inaendelea kukimbia, kwa hiyo bodi itaanguka tu ikiwa programu uliyoisimamisha ndiyo yenyewe iliyolifungua `/dev/watchdog`. Tafuta mshikaji wake kwa kupekua `/proc/*/fd` kabla ya kuweka kituo cha kwanza, na kama butiloda ndiye anayeiwasha saa hiyo, izime kule kwenye mipangilio ya U-Boot ya picha ya maabara.